Mti mwekundu wa Oraba: Pambo la nyumba lililonifundisha mpaka

UKITOKA Koboko kwa gari kuelekea Sudan Kusini, muda mfupi kabla ya kufika kwenye kizuizi cha mpaka wa Oraba, utauona mti mmoja ambao majani yake hayana rangi ya kijani hata kidogo. Ni mekundu, mekundu ya damu ya mzee, kuanzia Januari hadi Desemba. Mti huo uko ndani ya ua wangu, nyuma ya duka ninamouza sabuni, maharage na chumvi.

Wanaouona kwa mara ya kwanza hudhani umeungua kwa moto au unakufa kwa kiu. Madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao huja kuuliza. Akina mama wanaovuka kwenda Kaya na mizigo kichwani huomba tawi la kupanda nyumbani. Na hawa ndugu zetu wanaorudi, wengine kutoka Yei, wengine kutoka Congo, wengine kutoka mbali zaidi, wakishajenga nyumba ya mabati swali lao la pili huwa ni hilo: "Ndugu, mti ule mwekundu tutaupata wapi?"

Zamani nilikuwa nawakatia tawi papo hapo. Siku hizi nawaambia wakae kwanza, wanywe chai, wanisikilize. Maana mti huu ulinigombanisha na jirani, na nusura umpofushe mwanangu.

Simu kutoka Kanada

Chanzo cha yote ni dada yangu. Sisi ni watoto wa wakimbizi. Mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya Idi Amin kuangushwa, vita viliporudi West Nile watu wa Koboko walikimbia kwa maelfu, wengine Sudan, wengine Zaire. Wazazi wetu walitubeba hadi ng'ambo ya Kaya. Tulirudi katikati ya miaka ya 1980, vita vya Sudan vilipoanza kutukuta kule tulikokimbilia. Dada hakutulia. Alikwenda Nairobi, na mwaka 1998 akapata nafasi ya kuhamia Kanada.

Mwaka 2014 alinipigia simu akasema anataka kujenga hapa Oraba, kwenye kiwanja cha baba, ili uzee umkute nyumbani. Nilifurahi sana. Kisha akaongeza sharti moja. Mbele ya dirisha lake kule Kanada kulikuwa na mti wa mepo wenye majani mekundu, na asubuhi zote za upweke wake aliutazama huo. Alitaka mti wa namna hiyo mbele ya nyumba yake mpya.

Msomaji, jani la mepo unalijua hata kama hujawahi kuuona mti wenyewe. Ndilo lile jekundu lenye ncha 11 lililo katikati ya bendera ya Kanada, bendera iliyopandishwa kwa mara ya kwanza Februari 15, 1965. Mepo ziko za aina nyingi. Zile ndogo za mapambo, ambazo baadhi yake hubaki nyekundu tangu majani yanapochipua, asili yake ni Japani na nchi za jirani zake, na wataalamu huziita Acer palmatum. Watu wa huko huzipanda karibu na mlango kama sisi tunavyopanda mwembe.

Dada alimpa mtu aliyekuwa anakuja Uganda bahasha ya mbegu. Nilizipanda kwenye makopo, nikazimwagilia kila jioni kama mtu anayelea yatima. Wiki zikapita, miezi ikapita, halikutoka hata chipukizi moja. Nilipochokoa udongo nilikuta mbegu zimeoza.

Kwa nini ulikataa

Nilimwendea bwana shamba mmoja, akacheka kwanza, kisha akanieleza vizuri. Mbegu ya mepo ya Japani imeumbwa kulala wakati wa baridi kali. Inahitaji kukaa kwenye unyevu na baridi ya jokofu kwa miezi kama mitatu ndipo iamke. Na hata ikiamka, mti wenyewe unahitaji majira ya baridi kila mwaka ili upukutishe majani, upumzike, uchipue upya. Oraba iko kama nyuzi 3 na nusu tu kaskazini mwa Ikweta. Hapa hatuna baridi ya namna hiyo. Tuna mvua kuanzia Machi au Aprili hadi Novemba, halafu jua na upepo mkavu wa Desemba hadi Machi. Upepo huo huunguza ncha za majani ya mepo hata katika nchi zinazouweza.

Jambo la pili aliloniambia lilinitia aibu. Mbegu na miche haiingizwi nchini kwa kufichwa ndani ya sanduku la nguo. Inatakiwa kibali cha Wizara ya Kilimo kabla haijasafiri, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka. Sababu yake si urasimu. Mdudu au ugonjwa mmoja ukiingia na mche wa mapambo unaweza kumaliza mihogo ya wilaya nzima, na pambo halina faida kwa mtu mwenye njaa.

Nikamwambia dada kwamba mepo haitawezekana. Alinyamaza kwenye simu kwa muda. Kisha akasema, "Basi nitafutie chochote, ila kiwe chekundu."

Ndugu yake mnyaa

Kwenye barabara ya Arua kuna watu wanaouza miche kandokando ya njia. Huko ndiko nilikoukuta. Jina lake la kitaalamu ni Euphorbia cotinifolia. Asili yake ni Mexico, Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika ya Kusini, lakini umekwisha kuzoea nchi nyingi za joto. Majani yake ni ya mviringo, yana vikonyo virefu, hutoka matatu matatu kwenye kila pingili, na upepo ukivuma huchezacheza kama ya mepo. Ukiachwa ukue unafikia urefu wa mita tatu hadi sita, wakati mwingine na zaidi.

Rangi nyekundu hutokana na kitu kinachoitwa anthosiani, ambacho pia ndicho hulipaka rangi jani la mepo. Ukijani umo ndani ya jani, maana bila huo mti haungejitengenezea chakula, ila umefunikwa. Ndiyo maana mti huu ukipandwa kivulini huanza kurudia ukijani na kufifia. Unataka jua la kutwa nzima.

Muuzaji alinikatia tawi la urefu wa mkono, akalifunga kwenye gazeti. Hakuniambia lolote zaidi ya bei. Laiti angeniambia neno moja tu: mti huu ni ndugu wa mnyaa. Mtu yeyote aliyekulia kijijini anaujua mnyaa na maziwa yake, na asingemruhusu mtoto acheze nao.

Nililipanda tawi hilo mwaka 2015, wakati barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, ilipokuwa ikiwekwa lami na vumbi la magreda lilikuwa limetufunika sote. Nilichagua mahali pazuri, kwenye ukingo wa kiwanja, panapoonekana kutoka barabarani. Kiwanja cha jirani kilikuwa pori. Mwenyewe, mzee aliyekuwa rafiki wa baba, alikufa uhamishoni, na mjane wake, Hajati, alikuwa amebaki Yei tangu tulipokimbia. Tawi lilishika kwa haraka ya ajabu. Baada ya mwaka mmoja lilikuwa limenipita kimo.

Hajati anarudi

Julai 2016 mapigano yalizuka tena Juba, na miezi iliyofuata moto ukafika Yei na Morobo. Wakaazi wa Oraba wanakumbuka jinsi watu walivyomiminika, wengine na magodoro, wengine na mtoto mgongoni basi. Miongoni mwao alikuwa Hajati. Wengi waliokuja ni raia wa Sudan Kusini wakitafuta hifadhi, lakini yeye alikuwa anarudi kwao, baada ya miaka 36, akiwa na wajukuu wawili na jerikani moja.

Nilimpokea. Mke wangu alimpikia. Siku ya tatu alitoka kwenda kukitazama kiwanja cha marehemu mumewe, akasimama mbele ya mti wangu mwekundu kwa muda mrefu. Aliporudi alisema kwa upole, "Mwanangu, mti wako umevuka."

Nilikasirika. Nilimjibu kwamba pale ni petu, kwamba yeye amesahau, kwamba mti haupandwi kwenye ardhi ya mtu. Lakini moyoni nilikuwa najua kuwa nilipopanda sikutafuta mawe ya mpaka. Nilitazama pori, nikaona hakuna mtu wa kuniuliza.

Msomaji unayerudi nyumbani, au unayekaa jirani na kiwanja cha aliyekimbia, tusimame hapa kidogo. West Nile sehemu kubwa ya ardhi ni ya kimila. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 zinautambua umiliki huo, na zimeweka hati yake maalumu kwa mwenye kuiomba. Lakini familia nyingi hazina hati. Hati yao ni mwembe aliopanda babu, jiwe, kichuguu, au kumbukumbu ya mzee aliye hai. Kwa hiyo anayepanda mti ukingoni mwa kiwanja, atake asitake, ametia sahihi kwenye ardhi. Mti wa mapambo ndio mbaya zaidi, kwa sababu unaonekana hauna nia.

Hajati hakupiga kelele. Alikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, naye akaita wazee. Mei 2017 walikuja wakiwa watano. Walichimba, wakatafuta, hatimaye wakakuta kisiki cha mwembe uliokatwa zamani na mawe mawili yaliyofukiwa na majani. Wakanyoosha kamba. Mti wangu ulikuwa umesimama hatua mbili ndani ya kiwanja cha mjane.

Hukumu ilikuwa fupi: mti utoke, na mawe yawekwe juu ya ardhi mahali pa kuonekana.

Maziwa meupe

Sikungoja wazee waondoke mbali. Nilichukua panga nikaanza kuukata, kwa hasira ya mtu aliyeshindwa mbele ya majirani. Mwanangu, wakati huo yuko darasa la sita, alikuja kunisaidia kuvuta matawi. Sikumwambia ajifunike. Sikuwa nimejifunika hata mimi.

Mti huu ukikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, mwingi, unaorukaruka panga linapotua. Watu wa kwao ulikotoka waliutumia kulewesha samaki mtoni, kwa hiyo unaweza kufikiri ni kitu gani. Tone moja lilimruka mtoto kwenye jicho la kulia. Akalipangusa kwa mkono, na mkono nao ulikuwa umejaa utomvu.

Kelele aliyopiga sitaisahau. Nilisimama na panga langu kama sanamu. Mtu mmoja alisema tumwekee maji ya sukari, mwingine akataka maziwa ya mama anayenyonyesha. Aliyekuja mbio ni Hajati, na jerikani ileile aliyovuka nayo. Alimlaza mtoto ubavu, jicho bovu likiwa chini, akalifungua kwa vidole alivyokwisha kuvisafisha, akawa anamimina maji safi polepole, bila kukoma, huku akinifokea nilete jerikani nyingine. Alisema utotoni alimwona kijana aliyeingiwa na maziwa ya mnyaa, na waliomchelewesha ndio waliomharibu.

Tulimwosha hivyo kwa zaidi ya robo saa, kisha nikampakia kwenye boda boda hadi Koboko kwenye matibabu. Mganga alisema utomvu wa jamii hii unaweza kuunguza kioo cha jicho, na kwamba maji yale ya mwanzo ndiyo yaliyomwokoa. Kwa siku tatu hakuweza kuvumilia mwanga. Siku ya nne alifumbua. Leo ni kijana mkubwa na anaona sawasawa.

Nilikwenda kwa Hajati kuomba radhi kwa mambo mawili, la mti na la maneno. Alinisamehe la maneno haraka. La mti alisema tutaona mawe yakikaa.

Namna ya kuupanda na kuutunza

Kuna atakayeuliza kwa nini basi nimeupanda tena. Ni kwa sababu dada alikuwa ananingoja, na kwa sababu kosa halikuwa la mti. Yale matawi niliyoyakata yalikuwa bado kando ya ua. Nilichukua moja, safari hii kwa akili. Kwa anayetaka, haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza ni mavazi. Vaa glavu za mpira, shati la mikono mirefu, na miwani hata ile ya jua ya bei rahisi. Watoto wakae mbali. Utomvu ukigusa ngozi, osha kwa sabuni na maji mengi mara moja. Ukiingia jichoni, maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali, bila kuchanganya na dawa ya kienyeji yoyote. Panga na kisu navyo vioshwe.

Pili, tawi. Kata lililokomaa kiasi, urefu wa sentimita 20 hadi 30, punguza majani ya chini. Kisha liweke kivulini siku tatu au nne mpaka mahali palipokatwa pakauke. Ukilipanda likiwa bado linatoa maziwa, litaoza.

Tatu, udongo. Mti huu haupendi maji yaliyotuama. Kama ardhi yako ni mfinyanzi, changanya mchanga, au panda kwenye mwinuko. Wakati mzuri kwetu ni Aprili hadi Juni, mvua zikiwa zimeanza lakini bado hazijafikia ukali wa Agosti hadi Oktoba. Mwagilia kidogo mpaka mizizi ishike. Mche mchanga ulinde na mchwa. Mimi huondoa nyasi kavu na takataka zote pembeni yake.

Nne, kiangazi. Mwezi Januari na Februari unaweza kupukutisha majani mengi. Usiogope na usiuzamishe kwa maji. Jerikani moja kwa wiki kwa mti mchanga yatosha, na mvua ya kwanza ikinyesha utachipua mwekundu kuliko mwanzo.

Tano, kupogoa. Ukiacha bila kukata unakuwa mrefu na mwembamba, na matawi yake huvunjika kwa upepo. Punguza ncha mara moja kwa mwaka, mwanzoni mwa mvua, nao utajaza. Matawi yaliyokatwa usiyachome moto, maana moshi wake nao huwasha macho, yafukie. Wala usiyatupe mtoni au kwenye bwawa la samaki.

Sita, mahali. Usiupande penye mchezo wa watoto, penye kisima, wala kwenye njia ya watu. Wangu sasa uko hatua sita ndani ya mpaka, umezungushiwa mawe. Kabla sijachimba shimo nilimwita Hajati aje aone, na mwenyekiti wa LC1 awepo.

Kwa wanaovuka na kwa wenye watoto

Wafanyabiashara wenzangu wameanza kuona kwamba miche ya mapambo ina soko Yei na hata ng'ambo ya Congo. Ni kweli, watu wakijenga wanataka uzuri. Lakini msidhani kwamba kwa kuwa Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Congo mwaka 2022, basi mche unapita kama chumvi. Mimea ina ukaguzi wake na cheti chake. Anayeuza tawi la mti huu bila kumweleza mnunuzi habari ya utomvu amemuuzia hatari kwa bei ya pambo.

Na kama nyumbani una watoto wadogo wengi, zipo njia nyingine za kupata wekundu. Mkungu, ule unaopandwa sana Mombasa na Zanzibar, huwa mkubwa, hutoa kivuli, na majani yake hugeuka mekundu kabla ya kuanguka. Ukitaka ua la kuzunguka nyumba, iko akalifa yenye majani ya rangi ya shaba, hushika kwa tawi vilevile.

Dada alifika Desemba 2019, nyumba ikiwa imeezekwa tayari. Alisimama mbele ya mti akiwa na begi lake mkononi. Alisema haufanani na wa Kanada, majani yake hayana ncha. Kisha akaomba kiti, akakaa hapo mpaka magharibi.

Hajati nilimpa ofa ya tawi, nikamwahidi kumpandia mwenyewe na glavu zangu. Alikataa. Alipanda mwembe, pale pale kilipokuwa kisiki cha ule wa zamani, na mwaka wa tano ukazaa. Matawi yake mengine yananing'inia upande wangu. Maembe yakiiva tunagawana.